Jina la Biashara Yako Ni Lako kwa Kiasi Gani?

Bango la duka hugharimu zaidi ya cheti cha jina, na hapo ndipo wengi wanapoponzeka. Fundi wa mabango analipwa kwanza, lebo zinachapwa, fulana za wahudumu zinashonwa, halafu ndipo mtu anakumbuka kuuliza kama jina lenyewe liko huru. Tanzania Bara, kusajili jina la biashara BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ni shilingi 20,000. Kulibadili jina hilo wakati mifuko ya bidhaa imeshajaa stoo ni hesabu nyingine kabisa.

Maelezo haya ni ya mtu anayefanya biashara peke yake. Huna kampuni, huna mbia. Una kitambulisho cha Taifa, TIN na bidhaa yako. Mfano nitakaoutumia ni wa msagaji wa unga wa lishe wa Kihonda, Morogoro, kwa sababu sijui biashara nyingine ambayo majina yake yanafanana kama hiyo. Lakini mengi yanamhusu pia mwenye saluni Mwanza, fundi makochi wa Keko, na anayeuza mitumba Instagram bila hata kuwa na fremu.

Kabla ya yote, liweke hili akilini: cheti cha jina la biashara hakikupi umiliki wa jina. Kinaandika tu kwamba nyuma ya jina fulani yuko mtu fulani, anapatikana mahali fulani, anafanya shughuli fulani. Sheria yenyewe, Sura ya 213, ina mizizi enzi za utawala wa Mwingereza, na shabaha yake ilikuwa hiyo: anayefanya biashara nyuma ya jina la kubuni ajulikane, ili anayemdai asikose wa kumdai. Ndiyo maana anayefanya biashara kwa majina yake halisi, bila kuongeza kitu, halazimiki kusajili. Akiongeza "Stores" au "na Wanawe" mwishoni, ameshaingia kwenye sheria.

Umiliki hutoka kwingine. Hutoka kwa wateja kulijua jina hilo kuwa ni lako wewe na si la mwingine, na hutoka kwenye usajili wa pili, ulio tofauti, wa alama ya biashara. Njia zote mbili zinategemea jambo ambalo hakuna wakili atakayelirekebisha baadaye: ulichagua jina gani siku ya kwanza.

Jina lisilotangaza bidhaa

Msagaji wetu wa Kihonda anataka jina litakalomwambia mteja mara moja kilichomo ndani ya mfuko. Anaandika kwenye daftari: Lishe Bora, Afya Lishe, Unga Bora Morogoro. Hoja yake ina mashiko, kwa kuwa mteja anapita rafuni kwa haraka. Lakini maneno hayo ni ya kila anayesaga unga nchini. Kila mshindani anayahitaji ili aeleze bidhaa yake mwenyewe, na sheria haiwezi kumnyima. Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986 inataka alama iwe na upekee, iweze kutofautisha mali yako na ya jirani. Neno linalotaja aina ya bidhaa, ubora wake au mahali inapotoka huwa linakataliwa, au linakubaliwa kwa sharti kwamba usidai neno hilo peke yake.

Suluhisho ni rahisi kuliko wanavyodhani wengi. Maelezo yakae kwenye lebo, jina likae juu yake. Tuseme mtu wetu amechagua Kipepeo. Kwenye mfuko neno Kipepeo linaandikwa kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, "unga wa lishe wa nafaka mchanganyiko". Mteja bado anajua ananunua nini, na hakuna msagaji mwingine anayeweza kusema anahitaji kutaja kipepeo ili auze mtama na soya.

Bia ya Tusker ni mfano mzuri wa jina la namna hiyo. Inasimuliwa kwamba kiwanda cha Nairobi kiliita bia yake hivyo baada ya mmoja wa waanzilishi, George Hurst, kuuawa na tembo mwaka 1923. Tembo hana uhusiano wowote na bia, na hapo ndipo nguvu ya jina ilipo: mshindani hana sababu ya kulitumia isipokuwa anataka kuiga.

Sasa linganisha na Kilimanjaro. Kuna maji ya Kilimanjaro yanayotengenezwa Moshi na Bonite, kuna bia ya Kilimanjaro ya TBL, kuna hoteli maarufu ya Dar es Salaam yenye jina hilo hilo, bila kuhesabu mabasi na maduka. Mlima ni wa wote. Kampuni yenye fedha za matangazo inaweza kutumia miaka mingi kuwazoesha watu kwamba Kilimanjaro, kwenye bidhaa ile, maana yake ni yeye. Wewe mwenye mashine moja ya kusaga huna fedha hizo wala miaka hiyo. Mito, mikoa, mbuga na milima waachie.

Majina ya shukrani ni kundi jingine. Baraka, Neema, Subira, Tumaini, Mungu Mwema. Sina neno na shukrani, ila ukifungua daftari la majina utawakuta wenzako wengi mno walioshukuru kwa maneno yale yale. Na usidanganywe na mikia. "Neema Investment", "Neema Enterprises" na "Neema General Supplies" zina neno moja tu la kukumbukwa, na kwa mteja anayeagiza kwa simu zote ni Neema.

Vipi kuhusu jina ambalo wateja wamekupa wenyewe? Hapa nina msimamo tofauti kidogo na wa wataalamu wa masoko. Kama mtaa mzima unakuita Mama Zawadi, na watu wanatumwa "nenda kwa Mama Zawadi ukachukue maandazi", jina hilo limeshafanya kazi ambayo tangazo la redio lisingeifanya. Lichukue. Maangalizo ni mawili. Jina la utani la jumla, kama Mangi kwa mwenye duka la mtaa, halikutofautishi na Mangi wa mtaa wa pili. Na jina linalokutambulisha wewe kama mtu huwa gumu kumwachia mnunuzi siku ukitaka kuuza biashara.

Halafu kuna majina ya kuazima utukufu: kinyozi aliyejiita kwa timu ya Uingereza, duka la nguo lenye jina la mbunifu wa Ufaransa au Italia. Yanavutia, lakini si yako na hayatakuwa yako. Hasa ukianza kuchapa jina hilo kwenye bidhaa, mwenyewe anaweza kuja, na kampuni za namna hiyo hazikosi mawakili Dar es Salaam na Nairobi. Vivyo hivyo usiweke "Limited" wakati huna kampuni, usijiite "Benki" bila leseni ya Benki Kuu hata kama ni kikundi cha kuweka na kukopa, na epuka neno lolote linaloashiria kwamba biashara ni ya Serikali au ina baraka zake.

Lipime jina kwa sikio. Waswahili hatutamki sawa. Wapo wanaobadilishana l na r, wapo wanaoigeuza dh kuwa z, na th kuwa s. Jina kama Ladha linaweza kuandikwa Laza, Radha au Raza na watu wazima wenye akili zao, na kila mmoja akienda kulitafuta mtandaoni atafika kwa mtu mwingine. Mtumie rafiki ujumbe wa sauti wenye jina hilo, mwombe akuandikie alichosikia. Fanya hivyo kwa watu wa mikoa tofauti. Wakikurudishia tahajia tatu, chagua jina jingine, au ujiandae kulitaja herufi kwa herufi maisha yako yote. Kipepeo linasikika sawa kutoka Tanga hadi Kigoma. Kwa hilo peke yake linastahili alama nyingi.

Tafuta kabla hujalipenda

Ukishalipenda jina, utayasoma matokeo ya utafutaji kwa macho ya mpenzi: hili halifanani sana, yule yuko mbali, yule pengine ameshafunga. Kwa hiyo beba majina matatu au manne mkononi, uyatafute yote kwa pamoja, kabla moyo haujaegemea popote.

Anzia kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA, ujulikanao kama ORS. Tafuta kwenye majina ya biashara na kwenye kampuni, kwa tahajia zote ulizorudishiwa na rafiki zako. Daftari la alama za biashara ni jingine. Jina linaweza kuwa huru kwenye la kwanza na likawa limeshachukuliwa kwenye la pili. Omba utafutaji rasmi wa alama kabla hujaagiza vifungashio vingi. Kisha angalia Google, Instagram, TikTok na Facebook, na uone kama kikoa cha .co.tz cha jina hilo kiko wazi.

Baada ya hapo toka nje. Wengi huiruka hatua hii, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote zilizotangulia. Wafanyabiashara wengi hawajasajili chochote, lakini bidhaa zao ziko rafuni miaka nenda rudi. Pita kwenye masoko, kwenye maduka ya jumla ya Kariakoo, kwenye mabanda ya Nane Nane, usome mifuko. Mtu aliyelitumia jina muda mrefu hadi wateja wakamjua kwalo ana haki anazoweza kuzidai mahakamani hata bila cheti. Daftari halitakuonyesha mtu huyo.

Ukikuta jina linafanana na la mtu wa biashara ile ile, liache. Usijaribu Vipepeo, wala Kipepeyo, wala Kipepeo Gold. Kwanza msajili anaweza kulikataa. Pili, hata likipita, utakuwa unamtangazia mwenzako kwa fedha yako. Ukikuta mwenye jina hilo anauza vitu vilivyo mbali kabisa, tuseme Kipepeo ni karakana ya magari Mbeya, suala linabaki kwenye majadiliano: kama alama ya biashara kwenye unga huenda mlango uko wazi, ila kama jina la biashara msajili anaweza kukuambia limeshachukuliwa, ulazimike kuongeza neno. Ongeza neno lenye uzito, si "Enterprises".

Cheti, na nani anashika funguo

Usajili wenyewe hauhitaji maneno mengi. Unafungua akaunti ORS kwa namba yako ya NIDA, unajaza jina, shughuli, anwani ya mahali biashara ilipo na tarehe ya kuanza, unasaini fomu na kuipakia, unalipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, unasubiri. Cheti kikitoka, kibandike dukani panapoonekana. Kuna ada ya kila mwaka ya shilingi 5,000 ya kulihuisha jina. Ni ndogo kiasi kwamba watu huisahau hadi inakuwa limbikizo.

Kinachohitaji maneno ni akaunti. Wafanyabiashara wengi wadogo husajiliwa na kijana wa steshenari au kishoka mwingine yeyote, anayetumia barua pepe yake na namba yake ya simu ili kazi iende haraka. Miaka miwili baadaye unataka kubadili anwani au kuomba nakala, na nywila inatumwa kwenye simu ya mtu aliyehamia Songea. Mlipe akusaidie kuandika, hilo halina ubaya, lakini barua pepe iwe yako, laini iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako, na nywila uiandike wewe.

Jina likishatoka, lifanye lifanane kila mahali: leseni ya biashara ya halmashauri, akaunti ya benki, risiti za EFD, lebo, na hasa lipa namba. Mteja akilipa kwa simu hutazama jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Bango likisema Kipepeo na simu ikamletea majina matatu ya mtu asiyemjua, huanza kuuliza maswali, na ana haki. Tofauti hiyo ndogo pia ni mlango wa matapeli, kwa sababu wateja wako wakishazoea kulipa kwenye jina lisilofanana na la bango, watalipa kwenye jina lolote.

Jambo jingine ambalo cheti hakifanyi: hakikutenganishi na madeni. Kipepeo si mtu mbele ya sheria. Deni la Kipepeo ni deni lako, na nyumba yako imo. Anayetaka ukuta kati ya biashara na mali zake binafsi asajili kampuni, na hiyo ni mada ya siku nyingine.

Alama ya biashara: lini, na kwenye daraja gani

Si kila mtu anahitaji alama ya biashara. Mpika chapati anayeuza kwenye mtaa mmoja, ana kwa ana, analindwa vya kutosha na sura yake. Kipimo changu ni hiki: siku bidhaa inapoanza kuuzwa mahali ambapo wewe haupo, ikiwa kwenye mfuko wenye jina, ndipo jina linapaswa kusajiliwa kama alama. Mteja wa duka la Dodoma hajawahi kukuona. Anachokijua ni neno Kipepeo tu. Mwingine akilichapa neno hilo kwenye mfuko wake, mteja hana namna ya kutambua.

Alama husajiliwa kwa madaraja. Mfumo wa kimataifa una madaraja 45, ambamo 34 ya kwanza ni ya bidhaa na 11 ya huduma, na ulinzi wako unaishia kwenye daraja ulilolilipia pamoja na yale yanayofanana nalo sana. Kuchagua daraja kunataka utulivu. Unga, viungo, chai na asali viko daraja la 30. Lakini chakula cha watoto wachanga kiko daraja la 5, pamoja na dawa. Msagaji wetu, ambaye mfuko wake una picha ya mtoto na maelezo ya kumwanzishia uji, akisajili daraja la 30 peke yake ameziba dirisha na kuacha mlango wazi. Siagi ya karanga, ambayo wasagaji wengi huiongeza baadaye, iko la 29. Nguo ni 25, sabuni na vipodozi ni 3, migahawa ni 43, saluni za urembo ni 44. Kila daraja lina ada zake, kwa hiyo anza na lile linalokuletea fedha sasa na lile unaloliendea mwakani.

Sajili neno lenyewe kwa herufi za kawaida kabla ya kusajili nembo. Nembo hubadilika: leo kipepeo ana mabawa mawili ya manjano, baada ya miaka mitano mchoraji mwingine atakwambia amepitwa na wakati. Ukiwa umesajili neno, mabadiliko hayo hayakugusi. Kama una fedha za kusajili vyote viwili, vizuri zaidi.

Kuhusu nembo, kuna mtego. Aliyeichora ana hakimiliki ya mchoro wake, na risiti ya malipo peke yake si uthibitisho mzuri kwamba ameihamishia kwako. Mwandikiane karatasi ya mistari michache inayosema haki zote za mchoro sasa ni zako, mkasaini wote wawili, na akukabidhi faili la asili, si picha ya WhatsApp. Michoro ya tayari inayopatikana bure kwenye programu za simu iogope. Mabawa yale yale yamechukuliwa na watu chungu nzima, na huwezi kudai upekee kwenye kitu kinachogawiwa kwa kila mtu.

Ombi likishapokewa, msajili hulichunguza, kisha hulitangaza kwenye jarida la alama, na yeyote mwenye pingamizi ana siku 60 za kulileta. Asipotokea mtu, unapewa cheti. Kwa Tanzania Bara alama hudumu miaka 7 ya kwanza, halafu huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Alama ya herufi R ndani ya duara usiiweke kwenye lebo kabla ya kusajiliwa. Ni kudai usichonacho. Na ukishasajili, litumie jina. Alama iliyowekwa kabatini bila kutumika inaweza kuombwa ifutwe.

Ulinzi huo unakoma kwenye maji. Zanzibar ina sheria yake na daftari lake chini ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, na cheti cha Bara hakivuki na boti. Ukipeleka unga Darajani, au ukivusha Namanga kwenda Kenya, ambako alama husajiliwa na KIPI kwa vipindi vya miaka 10, unaanza upya kule. Wanaouza mpakani hawaoni mapema ugumu wa hili: wakala wako wa upande wa pili, aliyelizoea jina kwa kuuza mzigo wako, ndiye mwenye vishawishi vingi zaidi vya kulisajili kwa jina lake. Lisajili kabla hujampa mzigo mkubwa, au muandikiane mkataba unaosema jina ni la nani.

Mipaka ya nchi na madaraja inasaidia pia kuelewa kelele tunazozisikia kila baada ya miaka. Mwaka 2018 watu wengi walikasirika kusikia kwamba kampuni ya Disney ina alama ya "Hakuna Matata". Ni kweli inayo, imesajiliwa Marekani tangu 2003, kwa ajili ya fulana. Haimzuii mwenye hoteli Nungwi kuyaandika maneno hayo ukutani wala mtu yeyote kuyasema. Anayepaswa kujali ni yule anayechapa fulana na kuzipeleka kuuzwa Marekani. Kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 2000, kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy" kule kwao. Ilipingwa na watu kadhaa, wakiwemo watetezi wa wafumaji wa Kenya, na ikaachana na ombi lake. Ilipingwa ndani ya muda, kwa karatasi, na kwa hoja kwamba kikoi ni jina la nguo yenyewe. Hoja hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya msagaji wetu aliache "Lishe Bora".

Kulitunza, na kulitetea

Weka faili moja, la karatasi au la simu, la ushahidi wa matumizi: ankara ya kwanza ya mchapaji wa lebo, picha za banda lako Nane Nane zenye tarehe, risiti za mauzo ya mikoani, matangazo uliyolipia. Siku ya ugomvi, swali litakuwa nani alianza na wateja walimjua nani, na anayejibu kwa karatasi anamshinda anayejibu kwa kiapo.

Kurasa za mitandao zifungue siku ile ile unayoamua jina, hata zile usizokusudia kuzitumia, kwa tahajia ile ile. Ziwe kwa simu na barua pepe yako. Nimeona biashara nzuri zikipoteza ukurasa wenye wafuasi wengi kwa sababu ulifunguliwa na mpwa au kijana wa mitandao, wakagombana kuhusu mshahara, akaondoka nao. Weka uthibitisho wa hatua mbili. Ni dakika chache tu.

Ukiona mtu anatumia jina lako, nunua bidhaa yake kwanza. Omba risiti, piga picha mfuko wake ukiwa kando ya wako, hifadhi ujumbe wa wateja waliochanganya. Kisha jiulize bila hasira kama kweli mteja wa kawaida atadhani ni wewe. Kama ni ndiyo, andika barua: mimi ni nani, natumia jina hili tangu lini, cheti changu ni namba fulani, naomba uache ifikapo tarehe fulani. Barua ya heshima humaliza mengi, kwa sababu waigaji wengi wadogo waliiga bila kujua kwamba kuna mwenyewe.

Asiposikia, njia ziko kadhaa. Ukurasa bandia wa mtandaoni unaripotiwa kwa mtandao wenyewe, na hapo cheti cha alama husikilizwa haraka kuliko maelezo. Bidhaa bandia zinazobeba alama yako zipeleke kwa Tume ya Ushindani, FCC. Jina la biashara linalofanana na lako likisajiliwa, mwandikie msajili. Na mahakamani, mwenye alama iliyosajiliwa anadai uvunjaji wa alama. Asiye nayo hubaki na njia ndefu ya kuthibitisha mambo matatu: kwamba jina lake linajulikana, kwamba mwenzake amewapotosha wateja, na kwamba yeye ameumia kwa hilo. Inawezekana, ila utamlipa wakili muda mrefu. Usichofanya ni kumwanika mtu huyo Instagram kwa majina na picha. Sheria za kashfa na ya Makosa ya Mtandao ya 2015 hazitaangalia nani aliibiwa jina, na unaweza kuwa mshtakiwa kwenye kesi uliyopaswa kuwa mlalamikaji.

Na kama barua hiyo imekuja kwako, usiichane wala usikimbilie kumpigia aliyeiandika. Tazama tarehe zake na zako, daraja lake na lako, nchi yake na yako. Huenda hana haki hata kidogo. Akiwa nayo, omba miezi michache ya kumaliza mifuko iliyopo; wengi hukubali, kwa sababu nao wanataka yaishe.

Siku ukihama, ukibadili shughuli au ukifunga, toa taarifa BRELA. Alama ya biashara unaweza kuiuza, kumpangisha mtu kwa mkataba au kumrithisha mwanao, mradi mabadiliko yaandikwe kwenye daftari. Jina la biashara uliloacha bila kulifunga, kwa upande mwingine, linaendelea kuhesabika kuwa ni lako, pamoja na ada zake za kila mwaka.